Boti ya Rimoti ya Stima: Pima Dam Kabla Ununue Mota

Kama umekuwa ukiona zile video za maboti madogo ya rimoti yakipasua maji, halafu ukaangalia dam ya mzee hapo nyuma ya shamba la viazi ukajiambia "hata mimi naeza," hii stori ni yako.

Shida ni moja. Wengi huanza na swali mbaya. Wanauliza, "Boti gani inakimbia kuliko zote?" Wananunua mota kubwa, betri kubwa, boti inafika, inawekwa majini, na kabla jina la mwenyewe litajwe imepanda ukingo wa dam na kupasuka pua. Swali poa ni hili: dam yako ina sekunde ngapi?

Twende pole pole. Tutaanza na maji, tuje kwa bodi, tumalizie na stima. Ukifuata mpangilio huo hautachoma doo bure, na hautajikuta ukiingia kwa maji kufuata boti. Hiyo ya mwisho ndiyo ngori kubwa kuliko zote, tutaifikia.

Hesabu ya sekunde

Upande huu wetu wa Kiirua, Ruiri hadi Timau, maji mengi ya kuchezea ni dam za shamba. Zingine zimechimbwa tu kwa udongo, zingine zimetandikwa ile karatasi nyeusi ya kuzuia maji yasizame. Ni fupi. Chukua dam ya mita 60, ambayo kwa macho inaonekana kubwa kweli. Boti ya kilomita 80 kwa saa inaenda mita 22 kila sekunde. Hiyo dam inaisha kwa sekunde tatu hata hazijatimia. Hapo hujaongeza gesi, hujakata kona, hujapumua.

Tumia hesabu hii ya kienyeji. Pima upande mrefu wa dam kwa mita. Toa 20, yaani kumi za kugeuza kila mwisho. Gawanya kwa tano, ndio upate angalau sekunde tano za kufurahia. Zidisha kwa 3.6. Hiyo ndiyo spidi yako kwa saa.

- Dam ya mita 50: inabaki 30, gawa kwa 5 ni 6. Spidi yako ni kama kilomita 22 kwa saa.
- Dam ya mita 60: kilomita 29.
- Dam ya mita 100: kilomita 58.

Unaona? Msee wa dam ya mita 60 hana haja na boti ya kilomita 80. Boti ya kilomita 30 kwa maji madogo inaonekana inawaka moto, na utaiendesha mara mia bila kuigonga.

Sasa kuna wale watasema, "Basi tupeleke Masinga." Ni kweli kule Embu ya chini kuna maji hadi macho yachoke. Lakini Mto Tana na mabwawa yake yana mamba na kiboko. Boti ikizimika katikati, utaiaga ukiwa nchi kavu.

Bodi: aina tatu za kujua

*Mono.* Hii ni bodi moja yenye tumbo la V, kama boti za faiba za wavuvi. Ule mkuku wa V unakata mawimbi, kwa hivyo upepo ukianza mchana bado utacheza. Kwa kona inalala kama nduthi, na hiyo inasaidia isipinduke. Ubaya wake ni kwamba propela ikizunguka kwa nguvu, bodi inataka kulalia upande mmoja. Unairekebisha kwa kusogeza betri kidogo upande wa pili na kukunja kidogo vile vibati viwili vya nyuma.

*Katamarani.* Hizi ni bodi mbili nyembamba zimeunganishwa juu, katikati kuna njia ya hewa. Boti ikishika spidi, hewa inaingia pale chini na kuibeba, kwa hivyo inagusa maji kidogo tu na inakimbia kuliko mono ya nguvu sawa. Imetulia na inakata kona bila kulala. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo adui. Upepo ukija na pua, boti inaweza kuinuka kama karatasi ya unga na kuanguka kichwa chini.

*Haidro, ama riga.* Kama umeenda Pwani ukaona ngalawa na yale magogo mawili ya pembeni, unaelewa riga haraka. Mwili mwembamba katikati, mikono inatoka kando, na kila mkono una kiatu chake cha kuteleza juu ya maji. Kwa kasi inagusa maji sehemu tatu tu: viatu viwili vya mbele na propela ya nyuma. Hii ndiyo mbio kuliko zote. Pia ndiyo yenye maringo: inataka maji yametulia kama kioo, nafasi refu, na nyingi zimetegwa zikate kona ya kulia tu kwa sababu mashindano huzunguka kama saa. Kwa dam ya shamba, achana nayo.

Halafu kuna kitu watu husahau kuuliza: ikipinduka, inajigeuza yenyewe? Mono nyingi za siku hizi zina chumba kando ya bodi kinachoingiza maji makusudi. Boti ikilala kichwa chini, uzito wa yale maji unaigeuza, kisha yanamwagika ukianza kwenda. Katamarani chache zina huo ujanja. Kwa msee wa dam, hii inashinda kilomita kumi za ziada. Boti inayojigeuza ni boti ambayo haikuiti uingie majini.

Jibu fupi: boti ya kwanza iwe mono inayojigeuza, urefu wa sentimita 40 hadi 65. Katamarani ije ya pili, ukipata maji marefu.

Stima: namba tatu zinazoendesha kila kitu

Stima kwa boti ya rimoti si mambo ya juzi. Mwaka wa 1898, Nikola Tesla alionyesha boti ndogo ya betri iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, pale Madison Square Garden, New York, na akapata hataza yake Novemba mwaka huo huo. Kitu kilichobadilika tangu hapo ni mota za bila brashi na betri za LiPo, ambazo zinatoa nguvu nyingi kwa uzito kidogo.

Namba ya kwanza ni *Kv* ya mota. Usiichanganye na kilovolti. Kv inakwambia mota inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Namba ya pili ni *S* ya betri, yaani seli ngapi zimepangwa mfululizo. Seli moja ya LiPo ni volti 3.7 kwa jina, na ikijaa ni 4.2. Kwa hivyo 2S ni volti 7.4, 3S ni 11.1, 4S ni 14.8, na 6S ni 22.2.

Zidisha Kv kwa volti, upate mizunguko. Mota ya 1900 Kv na betri ya 4S: 1900 mara 14.8 ni 28,120 kwa dakika. Kwa mota za bila brashi, boti nyingi za mbio zinatulia vizuri kati ya 25,000 na 35,000. Ukizidi hapo, joto linapanda na vitu vinaanza kunuka.

Namba ya tatu ni *propela*. Propela nyingi za chuma za mchezo huu zina majina kama X442. Hapo 42 ni upana kwa milimita, na ile 4 ya mwanzo inamaanisha mkunjo ni mara 1.4 ya upana. Kwa hivyo kila mzunguko, kwa nadharia, unasukuma boti milimita 58.8. Zidisha na ile mizunguko 28,120, utapata kama kilomita 99 kwa saa. Usishangilie bado. Mota ikibeba mzigo inapunguza mizunguko, na propela inateleza kwa maji. Ukibahatika utapata theluthi mbili, yaani kama kilomita 65.

Sasa chukua boti ile ile, toa betri ya 4S uweke 3S. Mizunguko inashuka hadi 21,090, na spidi ya ukweli inakaribia 50. Umetoa robo ya mizunguko, lakini nguvu ambayo propela inadai imeshuka zaidi ya nusu, kwa sababu inafuata mizunguko mara tatu yenyewe. Mota inapoa, betri inadumu, na wewe unapata nafasi ya kukata kona. Ukitaka kutuliza boti kali, punguza seli. Hakikisha tu ESC yako inakubali betri ya seli chache.

Kitu usifanye ni kurukia propela kubwa. Kutoka milimita 42 hadi 45 kunaonekana ni kidogo, lakini mzigo kwa mota unaongezeka kwa zaidi ya robo. Hapo ndipo waya zinaanza kuyeyuka.

ESC na maji ya kupoesha

ESC ni kile kidude kinachochukua umeme wa betri na kuugawia mota kulingana na rimoti. Angalia ampea zake. Mono ya sentimita 65 ya 4S inaweza kuvuta ampea 50 hadi 70 kwa wastani, na kuruka juu zaidi ikianza. Kwa hiyo weka ESC ya ampea 120, usibahatishe na ya 60. Na waya za kutoka betri kwenda ESC ziwe fupi. Ukitaka kurefusha, refusha zile za kwenda kwa mota.

Boti hizi zinapoeshwa kwa maji ya dam yenyewe. Kuna katundu nyuma, mara nyingi kwa usukani, kanakochota maji na kuyapitisha kwa mota na ESC, kisha yanatoka kando. Maji yetu ya mlimani ni baridi, hiyo ni raha. Lakini dam ina tope, majani na ule ukijani wa juu. Kipande kimoja cha jani kikiziba katundu, ESC inapikwa kwa dakika moja. Kila raundi, angalia kama maji yanatoka pale kando. Yakikosa, rudisha boti. Ukimaliza siku, pulizia mrija kwa mdomo, kisha pangusa shafti na uitie grisi.

Kuna mambo mazuri pia ya kuishi juu. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Boti ya injini ya mafuta inapoteza nguvu hapo. Mota ya stima haivuti hewa, kwa hivyo nguvu yake inabaki ile ile ya Mombasa.

Betri: hapa hakuna mchezo

Kwa betri kuna mAh na C. Betri ya 5000 mAh ni ampea 5 kwa saa moja. Ikiandikwa 50C, karatasi inadai inaweza kutoa ampea 250. Wauzaji wanapenda kuongeza chumvi, kwa hivyo hesabu nusu ya hiyo.

Muda wa kucheza ni rahisi kujua. Tumia asilimia 80 tu ya betri, yaani ampea 4 kwa saa. Ukivuta ampea 60, hiyo ni dakika nne. Ndiyo, nne! Weka alamu ya simu kwa dakika tatu siku ya kwanza, kisha pima kila seli. Ukikuta volti 3.7 au 3.8 uko sawa. Usiruhusu seli ishuke chini ya 3.2, kwa sababu haitarudi vile ilikuwa, na inaweza kuvimba.

Kanuni za nyumbani:

- Chaji kwa 1C. Betri ya 5000 mAh inachajiwa kwa ampea 5, na chaja iwe ya LiPo yenye kusawazisha seli.
- Chaji juu ya saruji au mawe, mbali na kitanda, nyasi na mitungi ya gesi. Usilale ikiwa inachaji.
- Ukikaa wiki bila kucheza, iache kwa volti 3.8 kila seli, isiwe imejaa wala imeisha.
- Betri iliyovimba au kutobolewa haichajiwi tena. Kwisha.
- Stima ikipotea, chaja nyingi zinakubali betri ya gari au ya sola ya volti 12.

Na kama kuna binamu anakuja Disemba kutoka Marekani na umemwagizia betri, mwambie hii mapema. Betri za akiba zinabebwa kwa mkoba wa ndani ya ndege, hazipigwi kwa sanduku. Zidisha volti kwa ampea za saa upate wati za saa. 4S ya 5000 ni 74, inapita. 6S ya 5000 ni 111, na ikivuka 100 lazima ndege yenyewe ikubali kwanza. Usimfanye binamu aachie betri yako JKIA ya wenyewe.

Chagua kulingana na dam

*Mita 40 hadi 60.* Mono ya sentimita 40 hadi 50, inayojigeuza, betri ya 2S au 3S. Hata ile ya mota ya brashi inayokuja tayari kwa boksi inatosha. Kilomita 25 hadi 30 kwa saa.

*Mita 80 hadi 120.* Mono ya sentimita 60 hadi 65, mota ya bila brashi ya kama 1900 Kv, ESC ya ampea 120. Anza na 3S mwezi mzima. Ukishazoea na dam ikiwa imevuka mita 100, jaribu 4S.

*Mita 150 kwenda juu, maji wazi.* Hapa katamarani inaanza kuwa na maana, na maboti makubwa ya 6S kama Traxxas Spartan, ambayo ni mono, au M41, ambayo ni katamarani. Hizo zimetengenezwa kupita kilomita 80 kwa saa. Usiziweke kwa dam ya kunyweshea ng'ombe.

Ukitaka kujitengenezea bodi, plaiwudi nyembamba na faiba zinafanya kazi. Uzito ukae mahali pake: kwa mono na katamarani, boti isawazike karibu asilimia 30 ya urefu ukipima kutoka nyuma. Jaza foam kwa pua na kando hadi boti iwe haiwezi kuzama hata ikijaa maji. Kisha ziba kifuniko kwa selotepu pana kila mara.

Sasa ile ngori

Zile dam za karatasi nyeusi ni mtego. Kingo zake zimelala kama slaidi, na karatasi ikilowa inateleza kuliko sabuni. Mtu anaingia kuchukua kitu mita mbili tu, anashindwa kupanda tena, hata kama anajua kuogelea. Maji ni baridi, mikono inakufa ganzi, na hakuna cha kushika. Boti ya rimoti ni kitu kinachomvuta mtoi pale pale ukingoni.

Kwa hivyo kabla boti iguse maji, kuwe na njia ya kuirudisha bila mtu kuingia. Beba uzi wa kuvulia na mpira wa tenisi ufungwe mwisho: unautupa ng'ambo ya boti, unavuta pole pole, uzi unanasa. Ama subiri. Upepo utaileta ukingoni, hata kama ni saa mbili. Funga kamba nene yenye mafundo kwa mti au nguzo iliyo imara, iningʼinie hadi majini, ndio mtu akiteleza apate cha kushika. Na usiende peke yako.

Mengine ni haya. Omba ruhusa ya mwenye dam, na ujue mdomo wa pampu uko wapi. Washa rimoti kwanza, kisha boti. Ukizima, boti kwanza, kisha rimoti. Tega boti ijizime yenyewe ikipoteza mawimbi, na ujaribu hivyo ukiwa bado nchi kavu, boti imekaa kwa stendi na hakuna kidole karibu na propela. Ile kitu inazunguka mara 28,000 kwa dakika na haijui kidole ni kidole. Watoi wakae nyuma yako, sio kwa kona ambapo boti inageuzia.

Enda asubuhi, kabla upepo uamke. Beba betri ikiwa imefunikwa kwa sweta, kwa sababu LiPo baridi inatoa nguvu kidogo. Piga raundi mbili za pole, angalia maji yanatoka kando, gusa mota kama inachoma, kisha sasa fungulia.

Boti ya kilomita 30 inayorudi nyumbani kila Jumamosi ni tamu kuliko ya 80 iliyolala chini ya dam. Na wewe pia lazima urudi nyumbani. Haya, chukua kamba, toka nje, uanze kupima.